Pikapu Iliyoinua Mkia

Wanaume wa Tororo, miaka ile wanajeshi walipokuwa serikalini, walikuwa na elimu moja tu waliyoiamini kwa moyo wote, nayo ni elimu ya mkia wa gari. Mambo ya dini walimwuliza sheikh. Mambo ya homa walimwuliza daktari, akiwapo. Lakini pikapu inyanyuliwe nyuma kiasi gani ili sukari iliyomo isijulikane, hapo hapakuwa na wa kuulizwa, kila mmoja alikuwa profesa. Mume wangu alikuwa profesa mdogo. Profesa mkuu alikuwa kaka yake, shemeji yangu, mtu aliyeweza kubishana na wewe kuhusu njia ya kwenda chumbani kwako mwenyewe.

Nieleze kwanza habari ya mkia, maana vijana wa siku hizi wakisikia watadhani nasema upuuzi. Sukari, chumvi na sabuni vilikuwa vimepotea upande wetu wa Uganda. Unaingia dukani unamkuta mwenye duka amekaa analinda rafu tupu. Vitu vyote hivyo vilikuwa Kenya, pale pale Busia, ng'ambo ya mpaka, na watu walivivusha kichwani na kwa baiskeli kupitia njia za panya mpaka kwenye nyua za Busia ya huku kwetu. Kutoka hapo lazima lipatikane gari la kuvifikisha Tororo. Kazi hiyo ndiyo iliyoitwa magendo, na ukoo wa mume wangu, waliokuwa wasafirishaji toka enzi za baba yao, waliibeba kama walivyobeba pamba na mahindi kabla yake. Serikali ibadilike, mzigo ni mzigo.

Sasa katikati ya Busia na Tororo palikuwa na rodibloku, mapipa mawili na gogo, na askari wakikaa kivulini wakingoja kula cha mtu. Mizani hawakuwa nayo. Karatasi ukiwapa wengine wanaishika juu chini. Ila mkia wa gari waliusoma vizuri kuliko mwalimu anavyosoma. Palikuwa na mmoja mfupi, mnene, aliyetembea na fimbo. Gari likisimama anazunguka nyuma, anaichomeka fimbo yake kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake. Ikipita, nenda. Ikikwama, teremka. Nchi nzima ilikuwa ikitawaliwa kwa fimbo, kwa hiyo hata mizani ikawa fimbo.

Pikapu yetu ilikuwa kubwa, ya kubebea mizigo mizito, lakini springi zake zilikuwa zimechoka. Tia magunia manne, inakaa chini kama kuku anayeatamia. Mara ya kwanza walichukua sukari. Mara ya pili walichukua sukari na sabuni. Mara ya tatu walichukua vyote, kisha wakamgaragaza mume wangu kwenye tope mchana wa jua kali, wakampiga kwa mikanda, mbele ya watu aliokuwa akipeana nao mikono kila Ijumaa. Mimi nilikuwa nimekaa mbele ya gari na kitinda mimba wangu mapajani, nikitazama dashibodi. Ndiyo ilikuwa kazi yangu safarini, kukaa mbele na kikapu na mtoto, maana mke akiwemo garini maswali hupungua. Siku hiyo hayakupungua. Yule wa fimbo alimwambia, kwa Kiswahili chao cha kambini, mara nyingine wewe harudi nyumbani. Mume wangu aliyaamini maneno hayo, nami niliyaamini, kwa sababu tuliwajua wasiorudi na tulizijua nyumba zao.

Kwa hiyo asubuhi ya pili gari likapelekwa kuinuliwa.

Fundi alikuwa Mkenya, Mkristo mmoja mpole aliyevuka mpaka kila asubuhi na sanduku la spana nyuma ya baiskeli, akifanya kazi nyuma ya banda pale Busia ya upande wetu. Alilala chini ya pikapu muda mrefu, akatoka akijipangusa mikono, akaeleza taratibu kwamba kuna njia tatu. Ya kwanza, kuvipeleka vile vyuma vya springi kwa mhunzi avipinde upya. Gari litainuka, lakini baada ya mwezi litalala tena. Ya pili, kuweka kipande cha chuma kati ya eksili na springi. Gari litasimama juu mara moja, lakini nguvu ya kubeba itabaki ile ile ya zamani. Ya tatu, kuongeza vyuma vya springi vyenyewe, viwili kila upande, visizidi. Vingepatikana ng'ambo, na vingevushwa kwa baiskeli chini ya mihogo.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "si lazima gari lisimame juu. Muhimu lisilale."

Neno la busara kama hilo ungelitia kwenye kikombe ukanywa. Lakini shemeji alicheka mpaka akashika mlango. Alisema fundi huyu anazungumza kama mtu ambaye kwao sukari ipo. Viwili vitasaidia nini? Yeye alitaka vyuma vya lori, vinne kila upande, na kile kipande cha chuma nacho kiwekwe juu yake, ili hata wakipakia mpaka juu ya kichwa gari lisiiname hata kidole. Basi wakabishana asubuhi nzima. Mmoja anaweka kiganja hapa, mwingine anakipandisha pale, wanapima hewa kama watu wanaonunua mbuzi. Mume wangu alianza kwa viwili, akaenda vitatu, na kabla ya adhuhuri alikuwa kwenye vinne na kipande juu. Hivyo ndivyo alivyokuwa mbele ya kaka yake siku zote. Nyumbani simba, huko kwa kaka yake paka.

Mimi nikachungulia dirishani nikauliza, na likiwa tupu je, litakaaje?

"Shemeji," akaniambia yule profesa mkuu, "wewe kazi yako ni kukaa mbele."

Mume wangu akacheka pamoja naye. Kicheko kidogo tu, cha kumridhisha mkubwa. Lakini mimi nilikiweka moyoni, nikakitunza kama mtu anavyotunza cheti.

Tulipoondoka pale gari likiwa tupu, wallahi, ungetuona. Pua chini, matako juu, kama mbuzi anayekunywa maji kijitoni. Ndani, kila aliyekaa alikuwa kama anarukuu. Nilishika dashibodi kwa mikono miwili mpaka nyumbani, na kila shimo la barabara lilinipiga kiunoni, kwa sababu springi za lori bila mzigo wa lori ni ubao mtupu.

Nikubali ukweli: likiwa na mzigo lilikaa sawa kama sinia. Safari ya kwanza magunia kumi, yamefunikwa mikeka na mikungu ya ndizi, na yule mfupi akachomeka fimbo yake, ikapita, akatupungia mkono. Mume wangu hakupumua mpaka tulipoiona miti ya Tororo. Alipopumua alicheka kama kijana, na mimi nikacheka naye, sina haja ya kuficha. Alikuwa hai, alikuwa pembeni yangu, na nyumbani kulikuwa na chai yenye sukari.

Lakini siri ukimpa shemeji yangu ni sawa na kumpa mpiga ngoma. Kabla ya mwezi kwisha, kila mwenye pikapu mjini alikuwa ameinua. Waliinua wa maduka, waliinua wa Mulanda waliokuja na mihogo, aliinua hata mzee mmoja wa Molo ambaye hakubeba kitu ila nyasi za paa, eti asiachwe nyuma. Ijumaa ukisimama nje ya msikiti unaziona zimepangwa mstari, mikia juu yote, zimesujudu kabla ya wenyewe. Hebu niambie, ni siri gani hiyo inayoegeshwa barabarani saa saba mchana?

Askari walikuwa wakatili, lakini hawakuwa vipofu. Mwenye macho haambiwi tazama. Wakaanza kuyaacha magari yaliyokaa sawa, wanayashika yaliyo matupu yaliyoinua mkia. Wewe gari lako tupu, mbona limesimama hivyo? Unakwenda Busia kuchukua nini? Au umeshusha wapi? Watu wakaanza kupigwa kwa sukari ambayo bado hawajainunua.

Mtu mwenye akili angefanya nini? Angerudi kwa fundi apunguze vyuma. Fundi mwenyewe alisema, nileteeni, nusu siku tu, nitatoa viwili kila upande na kile kipande cha chuma, gari litakaa kistaarabu. Shemeji akakataa kabisa. Kupunguza, alisema, ni kukiri. Kukiri nini, na kwa nani, hakusema. Dawa yake ilikuwa mawe. Gari likitoka Tororo tupu, lipakiwe mawe chini ya mikeka, likae sawa. Likifika Busia mawe yashushwe, sukari ipande.

Na kweli wakafanya. Watu wazima, wenye ndevu na wake, wakawa wanakwenda kwenye mwamba wetu ule mkubwa kuokota mawe, wanayasafirisha mpaka Busia, wanayamwaga, kisha siku ya pili wanaokota mengine. Mlima wa Tororo ukawa unahamia mpakani kidogo kidogo. Banda la fundi lilizungukwa na mawe mpaka akakosa pa kuegemeza baiskeli. Uani kwangu palikuwa na rundo la akiba, na kuku wakataga humo.

Hapo mimi ndipo nilipopata wasaa wangu. Ulimi ninao, sikuukopa kwa mtu. Wakikaa kula nauliza, je, wateja wa Busia wanapenda mawe makubwa au madogo? Msimu huu yameiva vizuri? Wageni wakija nawaambia mume wangu ameacha usafirishaji, sasa ni mwuza mawe. Mwuza Mawe, njoo ule. Mwuza Mawe, mtoto analia. Majirani walicheka, jina likashika, likavuka ua, likafika sokoni. Yeye alikuwa akitabasamu tu na kuendelea kula. Nilikuwa nikimlipa kile kicheko chake cha kwa fundi, na nilimlipa mara nyingi kuliko deni lenyewe.

Basi mama yangu akafariki.

Kwetu ni Dabani. Mimi ni Msamia, nilisilimu kwa ndoa, na ndugu zangu walikuwa bado wananitazama kuona kama nimepata au nimepotea. Habari ililetwa asubuhi na mtu wa baiskeli. Pikapu ilikuwa uani, tayari imeshapakiwa mawe kwa safari ya siku ile. Wanawake wa mtaa wakaja na sufuria zao na kanga zao, kumi na kitu, na kwa kuwa hapakuwa na nafasi, mawe yakashushwa yote, wakapanda. Uzito wa wanawake na sufuria ulilikalisha gari vya kutosha. Kwenye rodibloku walisikia vilio, wakatupisha. Hata yule wa fimbo alivua kofia, sijui alifundishwa na nani.

Tulifika Dabani, nikalia nilivyolia. Saa nane hivi mume wangu akanijia pale nilipokaa na mashangazi, akachuchumaa, akaninong'oneza. Lazima arudi Tororo kumchukua kaka yake na wanaume wa msikitini waliotaka kuja kuzika. Gari ni tupu. Je, naweza kuwaomba wajomba zangu mawe kidogo? Au magunia ya udongo, au kuni, chochote kizito, atavirudisha.

Nilimtazama. Mama yangu amelala ndani. Ua umejaa watu wa kwetu, wale walionitazama nilivyoolewa kwa watu wa mjini, na mume wangu anataka wajomba zangu waache kuchimba kaburi wamtafutie mawe ya kukalisha mkia. Hasira ilinipanda mpaka machozi yakakauka.

"Usiniaibishe kwetu," nikamwambia. "Nenda hivyo hivyo."

Akasema, "Haya, mama," akainuka, akaenda. Nililisikia gari likiruka ruka njiani kwa ule ugumu wake wa utupu, na debe tupu haliachi kuvuma, nikajiambia moyoni, mwuza mawe anakwenda bila bidhaa. Ndivyo nilivyowaza, siku ya msiba wa mama yangu.

Mama alizikwa jioni bila yeye.

Yaliyotokea nilielezwa na mwanamke aliyeuza karanga pale kwenye mapipa. Gari lilisimama, mkia juu kama kawaida yake. Fimbo ilipita, ikabaki na nafasi ya fimbo nyingine. Wakamwuliza sukari ameshusha wapi. Akasema hakuna sukari, anatoka msibani. Wakacheka. Wakamwambia awaonyeshe nyumba aliyoshusha. Akasema ni nyumba yenye maiti. Wakampiga, akasema hivyo hivyo. Hapo ndipo nilipoielewa akili ya watu wale, kama ilikuwa akili. Mara tatu walizomkamata na sukari walichukua sukari wakamwacha mtu. Siku hii garini hamkuwa na cha kuchukua, kwa hiyo walimchukua yeye, na gari.

Shemeji, profesa mkuu, alisikia habari saa kumi na moja. Kabla ya giza alikuwa Kenya, eti amekwenda kusalimia watu. Alisalimia kwa miaka mitatu.

Mimi nilizunguka kumtafuta. Nilikaa nje ya kambi na kikapu cha chakula kilichopokelewa kila siku na kuliwa na watu wasiokuwa mume wangu. Siku moja, nikiwa nimesimama pale barabarani, niliiona pikapu yetu ikija. Askari walikuwa wamekaa juu ya magunia, wamejaza mpaka juu ya kichwa, na gari limekaa sawa kama sinia. Usingejua kama lina mzigo. Shemeji alikuwa amesema kweli, Mungu amlipe anachostahili.

Baada ya mwezi na zaidi walimwachia. Alikuja kwa miguu, peku, na kucha nyingine hazikuwapo. Nilimkanda kwa maji ya moto. Nilitaka anitukane. Nilimpa nafasi, nikakaa karibu, nikanyamaza, mimi nisiyejua kunyamaza. Alikunywa chai bila sukari, akalala akiangalia mlango.

Alipopata nguvu, binamu yake alimpa baiskeli, akaanza kwenda nayo msikitini. Ijumaa ya kwanza nilimwona anakwenda kwenye rundo la mawe uani. Alichagua moja, la ukubwa wa kichwa cha mtoto, akaliweka kwenye keria ya nyuma, akalifunga kwa mpira. Nikadhani anampelekea mtu. Akarudi nalo. Jumatatu akaenda nalo sokoni, akarudi nalo. Hakuitoa baiskeli ile nje ya ua bila jiwe, hata akienda hatua mia kununua kiberiti. Akiliona halikukaa sawa anateremka, anatazama nyuma, anafunga upya.

Watoto wa mtaa walimwandama. Mwuza Mawe! Mwuza Mawe, leo bei gani? Nilitoka na mwiko nikawafukuza mpaka kona. Nikawatukana na mama zao waliokuwa wamesimama milangoni wakicheka, wale wale niliokuwa nikiwachekesha mimi. Mmoja akaniuliza, kwa upole tu, jina hilo si wewe uliyempa? Nilirudi ndani na mwiko wangu.

Ijumaa iliyofuata nilitoka kabla yake. Niliokota jiwe, nikalifuta vumbi kwa kanga, nikaliweka kwenye keria, nikalifunga kwa mpira, nikauvuta mpira mpaka ukaniuma vidole. Alipotoka na kofia yake alisimama akatazama. Akaligusa.

"Limekaa?" akaniuliza.

Nikamwambia limekaa. Akapanda baiskeli akaenda kuswali, na mimi nikabaki pale mlangoni nimeushika mwiko, namngoja wa kucheka.